Inchi Thelathini na Tisa

11 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Goti lake limepoa, sasa anakwenda dukani na kurudi bila kumlaumu mtu njiani. Mume wangu hajambo. Tangu wafunge tanuri jipya pale wanapooka mikate, anarudi nyumbani ananukia vizuri kuliko mimi, na hilo ananikumbusha kila siku.

Gauni lako la kwanza limenikaa barabara. Kwa kuwa umeahidi matatu, nakutumia kipimo cha la pili: juu ya kitovu, nimesimama wima, inchi arobaini. Mwezi uliopita nilikuwa thelathini na nane. Mtoto anakua, Shangazi! Ananipiga mateke mpaka daftari la vipimo linaruka mapajani.

Bado niko kazini, napima ardhi. Kuna ndugu wawili, baba mmoja mama mmoja, wanagombania hatua tatu za ardhi kati ya nyumba zao. Nikiweka kigingi asubuhi, jioni kimetembea. Nimeapa siendi likizo ya uzazi kabla sijawafungia mpaka wao. Jua ni kali, na maji nakunywa kwa kipimo, maana kule choo ni kichaka kimoja na wanaume tuko nao watano. Lakini usijali, nina nguvu za kuuza.

Mwanao,
Bi Mipaka (jina ulilonipa kwa dhihaka, nami nimelikubali)


20 Aprili

Bi Mipaka, mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Masikio ndiyo yaleyale, yalibaki kiwandani kwenye mashine za kufuma na hayana mpango wa kurudi. Jirani yangu muuza vifungo kila siku ananishauri ninunue simu. Ya nini? Nikiiweka sikioni nasikia kama mtu anakaanga kitu nyumba ya tatu. Na ujumbe wa maandishi siuwezi. Vidole hivi vimezoea sindano. Wewe niandikie barua, nitazisoma na kuzirudia.

Mwambie kaka yangu goti likipoa lisiachwe litambe.

Kipimo chako nimekiandika ukutani kwa chaki, chini ya kile cha kwanza. Gauni la pili hili hapa, dereva wa basi kanipa neno lake kwamba hatalikalia.

Sasa nisikilize. Umeandika ukurasa mzima habari za kigingi. Habari za kliniki hata mstari mmoja sijauona. Mara ya mwisho umekwenda lini? Nijibu hilo, usinipeleke kwenye ardhi ya watu. Na maji unywe. Kichaka ni kichaka. Hao wanaume watano wageuze shingo, wao hawakuzaliwa na mama?

Wako,
Shangazi


2 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Tumecheka sana na habari za goti kutamba. Baba amesema umeanza kumsema akiwa na miaka minne, na hajaona dalili ya kuchoka.

Gauni la pili nimelivaa kazini, na mafundi wote wakaniuliza nina sherehe gani. Wale ndugu wawili nimewapatanisha hatua mbili kati ya tatu. Bado moja! Wiki iliyopita mkubwa aliketi juu ya kigingi chake na chai yake, akasema atanyanyuka serikali ikimnyanyua. Nikamwambia serikali ni mimi, na ina mimba ya miezi minane, kwa hiyo aone huruma. Akanyanyuka.

Kliniki ipo palepale, haijahama, na foleni yake pia. Usiwe na wasiwasi.

Kipimo cha gauni la mwisho: inchi arobaini. Najua utasema ni kilekile. Ndivyo futi lilivyosema.

Miguu haijavimba, usingizi ninao, na mume wangu ananiletea maandazi kila jioni kama mtu anayetafuta kura.

Mwanao,
Bi Mipaka


9 Mei

Wewe mtoto,

Salamu za kwanza ni kwa kaka yangu na mkwe wangu mwenye maandazi. Zako zitafuata nikishapoa.

Arobaini tena? Miaka thelathini na moja nimeshika futi katika chumba hiki, na sijapata kuona mwanamke asiyenidanganya kwa pumzi. Wote! Nikizungusha futi tu, tumbo linaingia ndani kama kobe. Bibi harusi mmoja alijibana mpaka akaniomba maji, nami kwa ujinga nikaandika alichojibana. Siku yenyewe zipu ilipasuka kwenye picha ya kwanza. Tangu hapo mteja akinipa namba, mimi naongeza yangu.

Sasa na wewe umeanza mambo ya bibi harusi. Mtoto wa mwezi wa nane hasimami mahali pamoja. Nimeongeza inchi mbili, nikakata arobaini na mbili, na utanishukuru. Gauni hilo hapo, la bluu, lina mifuko miwili kwa sababu najua unapenda kubeba chaki na vikorokoro vyako.

Kliniki haijahama, sawa. Wewe je, umehamia kliniki au umehamia kwenye kigingi? Swali hili nakuuliza mara ya pili, na mimi si mtu wa kuulizauliza.

Shangazi yako


16 Mei

Shangazi,

Shikamoo yangu leo ni ya mtu aliyenuna. Mimi ni mpima ardhi mwenye cheti. Mahakama inakiamini kipimo changu, ndugu waliotaka kukatana mapanga wanakiamini, halafu shangazi yangu mwenyewe anasema nimebana pumzi!

Gauni ni zuri, rangi nimeipenda, lakini tumboni linapwaya. Ukiniona kwa mbali utadhani nimeiba pazia. Nilimwita mume wangu anipime yeye, mikono imejaa unga, nikaachia pumzi zote nilizonazo duniani. Tulipima mara tatu. Inchi thelathini na tisa. Kwa hiyo fundi mkuu, safari hii umekosea wewe, na nataka uandike hivyo kwa mkono wako.

Mengine ni mema. Mtoto naye amekuwa mpole. Yale mateke ya zamani yameisha, wiki hii ananigusa mara moja moja tu, tena kidogo, kama anabisha hodi kwa watu asiowajua. Nadhani amerithi kwa baba yake, mtu wa usingizi. Mke wa yule ndugu mkubwa ameniambia ndivyo wanavyofanya wakikaribia kuzaliwa, nafasi inabana, wanatulia. Nami nimefurahi maana sasa ninafanya kazi bila kurushwarushwa.

Kimebaki kigingi kimoja. Ijumaa ijayo nakipiga, Jumamosi naanza likizo, halafu nitakwenda kliniki kwa raha zangu.

Mwanao mwenye cheti,
Bi Mipaka


20 Mei, saa sita mchana

Mwanangu,

Ukiipata barua hii kitandani hospitalini, vyema. Ukiipata ukiwa umeshika nyundo na kigingi, sitakusamehe, na ujue sisemi hivyo kwa mzaha.

Hukuona yaliyotokea upande wangu wa simu, basi nikueleze. Barua yako ililetwa saa nne. Nilisoma thelathini na tisa, nikaanza kucheka. Nikasoma kwamba mtoto amekuwa mpole. Kicheko kikakatika. Nikainua macho ukutani: thelathini na nane, arobaini, arobaini. Nikaandika hii ya sasa chini yake, chaki ikanivunjikia mkononi.

Nilikwenda kwa muuza vifungo bila viatu. Nikamwambia piga namba ya mpwa wangu, mimi nasema, wewe sikiliza. Nilipiga kelele mpaka kinyozi wa upande wa pili akatoka na mteja wake mwenye nusu ya ndevu. Ulipojibu sikukusikia, lakini niliiona midomo ya muuza vifungo ikisema "Ijumaa". Ijumaa! Ndipo nikamnyang'anya simu. Yale niliyoyasema baada ya hapo nitakuomba radhi siku nyingine, leo siombi. Alipochukua simu yake akaandika kwenye karatasi ya risiti: "Analia. Anasema anakwenda sasa hivi."

Uwe umekwenda, mwanangu. Nakuomba. Tumbo halirudi nyuma mwezi wa nane, na mtoto hapumziki. Asikudanganye mtu.

Shangazi


24 Mei, wodini

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Nimekwenda. Niliondoka kazini na gauni lako la bluu na vumbi la miguuni. Mkunga alinipima tumbo, akaangalia kadi yangu, akaniangalia mimi. Hapo sikuwa na pa kujificha. Shangazi, tangu mwezi Machi nilikuwa sijakanyaga kliniki. Kila mara ulipouliza nilikupiga chenga. Niliona aibu kusema, na kila wiki iliyopita aibu iliongezeka.

Wakanipeleka kwenye picha ya ultrasaundi. Daktari alipitisha kile kifaa tumboni, akarudia. Nikamwambia mimi ni mtu wa vipimo, nipe namba. Akanionyesha. Maji ya chupa, yale mtoto anayoogelea, yamepungua sana. Alitafuta penye kina kirefu kuliko kote, hapakufika sentimita mbili. Mtoto mwenyewe ni mdogo kwa umri wake, lakini moyo unapiga, niliusikia, unakimbia kama anayewahi basi. Nikamuuliza Ijumaa ingekuwaje. Akasema, "Mama, Ijumaa nisingekuahidi kitu."

Basi nimelazwa. Asubuhi na jioni wananifunga mikanda miwili tumboni kusikiliza moyo, na mimi nahesabu mateke kwenye daftari. Wanataka afikishe wiki thelathini na saba, yaani tarehe thelathini, kisha wamtoe. Moyo ukiyumba kabla ya hapo, wanamtoa hapohapo.

Nilimuuliza daktari kama nimemkausha mwanangu kwa jua na kiu. Akasema kunywa maji ni vizuri, lakini hilo peke yake halileti hali hii. Kondo la nyuma limechoka mapema, hutokea hata kwa mama anayekaa kivulini mchana kutwa. "Si kosa la mama," ndivyo alivyosema, na akarudia mara ya pili nilipolia. Kosa langu ni kutokwenda kuangaliwa, na hilo nalibeba mwenyewe.

Ninaogopa, Shangazi. Mume wangu anakuja na mkate, anaketi, ananishika mguu tu.

Lakini wewe ulijuaje? Hata mkunga ameshangaa. Umejuaje kutoka huko, kwa futi tu?

Mwanao


28 Mei

Mwanangu, roho yangu,

Marahaba nyingi. Mwambie kaka yangu asije wodini kukupa habari za watu waliokufa, namfahamu. Mwambie mkwe wangu aendelee kushika mguu. Inatosha.

Ulinitaka niandike kwa mkono wangu kwamba nimekosea. Naandika. Namba ya kweli nilikuwa nayo tangu tarehe mbili, ukutani, naitazama kila nikitia uzi kwenye sindano. Nikaipuuza kwa kiburi cha ufundi, nikaweka yangu juu yake. Arobaini na mbili ilikuwa tumbo la kichwani mwangu. Wiki mbili nzima nimekuwa nikikushonea tumbo hilo, na mtoto wako huku anabaki nyuma. Hakuna mteja aliyewahi kunidanganya kama nilivyojidanganya mimi.

Umeniuliza nimejuaje. Fundi hujua. Tuishie hapo.

Hesabu mateke. Yakipungua usisubiri zamu ya muuguzi, piga kelele. Ukishindwa kupiga kelele kumbuka uliyoyasikia kwenye simu, uyaseme yaleyale.

Siku hizi sishoni nguo ya mtu. Nakaa mlangoni nikingoja dereva wa basi, na wateja wananiona nimezeeka ghafla.

Shangazi


4 Juni

SHANGAZI!

Amekuja! Msichana! Mzima! Ana vidole kumi na vidole kumi, nimevihesabu, baba yake amevihesabu, babu yake amevihesabu na kupata kumi na kimoja, tukamrudisha kwenye miwani yake.

Shikamoo, nilisahau.

Tarehe thelathini asubuhi walinipa dawa ya kuanzisha uchungu. Ulikuja, tena kwa ghadhabu. Mchana ule mkanda ukaanza kusema mambo mengine: kila uchungu ukija moyo wa mtoto unashuka, unachelewa kupanda. Mkunga alisema maji yakiwa machache kamba ya kitovu inabanwa. Akanigeuza ubavu, ukapanda. Ukashuka tena. Daktari alikuja akatazama karatasi, akasema, "Twende." Neno moja tu. Dakika chache baadaye nilikuwa chumba cha upasuaji, natazama taa, nasema moyoni, mtoto wangu, mimi nimechelewa, wewe usichelewe.

Halafu nikasikia kilio. Shangazi, alilia kabla hajatoka mwili mzima! Daktari akacheka nyuma ya barakoa akasema huyu amekuja na malalamiko yake. Kilo mbili na gramu mia tatu. Baba yake alikuwa ukumbini na aproni ya kazini. Aliposikia aliketi sakafuni, akalia mpaka mfagizi akamletea kiti.

Ni mdogo na mwembamba, ngozi yake ya miguuni ilikuwa imekunjamana. Wakamweka kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, apate joto. Walimchoma kisigino kila baada ya saa chache kuangalia sukari, na kila mara aliwatukana kwa lugha yake. Siku ya kwanza hakunyonya vizuri, nikakamua maziwa tukamnywesha kwa kikombe. Siku ya pili akashika ziwa, na tangu hapo haliachi. Leo asubuhi amepima kilo mbili na gramu mia tatu na hamsini. Nilishangilia mpaka mshono ukanikemea.

Kigingi cha mwisho amekipiga mwenzangu. Dunia haikuanguka.

Kesho tunakwenda nyumbani. Na nakuuliza kwa mara ya mwisho, na kwa kuwa niko hai na mwanangu yuko hai, nina haki ya kujua: ulijuaje?

Mama Mtu (jina jipya, zoea)


22 Juni

Mama Mtu, mwanangu,

Marahaba, na hongera, na hongera tena. Barua yako niliisoma mlangoni, nikaisoma kwa muuza vifungo, nikaisoma kwa kinyozi, na yule mteja wa nusu ya ndevu alikuwepo, ndevu zimeshaota upya, akaomba isomwe kutoka mwanzo. Mtaa mzima unajua kilo mbili na gramu mia tatu na hamsini. Wanadai habari za uzito mpya.

Nitakujibu sasa.

Miaka thelathini na tatu iliyopita nilikuwa na mimba. Baba yako tu anajua, na nilimkataza kusema, naye kaka yangu amenishikia siri hiyo maisha yake yote. Nilikuwa kiwandani, zamu ya mashine za kufuma. Mwezi wa nane sketi yangu ya kazi, niliyokuwa naifunga kwa pini, ikaanza kupwaya. Nilifurahi, mwanangu. Nilidhani nimepata tumbo zuri, dogo, lisilonizuia kazi. Mtoto akawa mpole. Wenzangu wakaniambia ananona, anapumzika. Nikasema nitakwenda Ijumaa, siku ya mapumziko yangu. Nilikwenda Ijumaa.

Alikuwa msichana. Alikuja kimya.

Niliamini ni ile mashine, mtetemo wake, na mimi niliyesimama mbele yake. Hilo sikumwambia mtu, sikutaka mimba nyingine, na nilipokupokea wewe likizo za shule nilikupenda kwa wivu. Ndiyo maana niliposoma neno "mpole" nilikimbia bila viatu. Na ule mstari wa barua yako ya wodini, aliousema daktari mara mbili, nimeusoma mara nyingi kuliko ulivyoandikwa. Sikuwahi kuambiwa na mtu. Nililala siku ile kama niliyeshushwa mzigo begani.

Sasa sikia jana. Nilikwenda kliniki ya hapa mtaani kupeleka mapazia niliyowashonea. Kwenye benchi walikuwa kina mama saba na matumbo yao. Nikapita. Nikarudi. Sijui nani alinirudisha. Nikasimama katikati yao na mapazia mkononi, nikawaambia yote, ya kwangu na ya kwako, kwa sauti hii yangu isiyojua kunong'ona. Nikawaambia mtoto akipunguza kucheza, kwenda kliniki ni leo, hata kama ulikwenda jana. Mkunga alitoka ofisini, nikadhani atanifukuza. Akasimama mlangoni akasikiliza.

Wa tatu kwenye benchi, binti mdogo mwenye kilemba cha kijani, akaanza kulia. Akainuka, akachukua mkoba wake, akaingia kabla ya zamu yake. Hakuna aliyelalamika. Alikaa ndani muda mrefu, na sisi sote, wale sita na mimi, tulikaa tukiutazama mlango. Alipotoka aliinua mikono yote miwili juu kama mtu aliyefunga goli. Moyo unapiga, maji yapo, mtoto anacheza! Benchi zima lilisimama. Nilikumbatiwa na matumbo saba kwa mpigo, na mapazia yakaanguka chini, yakakanyagwa, itabidi niyafue.

Nimefunga duka. Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Nimemtayarishia nafasi kifuani pangu.

Wako,
Shangazi, mama wa mtoto mmoja